Deki ya hela ndogo kwenye mashindano ya dukani, inawezekana au nakwenda kupigwa deki?

mbebabox

Habari zenu wakuu. Nipo Edmonton huku Kanada nabeba box kama wenzangu wengi, shift ya usiku ghalani. Kuna Mfilipino mmoja nafanya naye kazi ndiye aliyeniingiza kwenye huu mchezo wa Magic: The Gathering, wakati wa breki tunatandaza kadi juu ya kreti tunacheza mpaka king'ora kilie. Miezi sita imepita, mchezo umeniingia damuni, na kumbe karibu na kituo changu cha basi kuna duka la kadi wanafanya mashindano, Ijumaa wanacheza Modern na Jumanne wanacheza Pauper, ni aina mbili za mashindano, kila moja na orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa.

Ijumaa iliyopita nikasema ngoja nipite nichungulie. Jamaa mmoja mstaarabu tu kanionyesha deki yake, lile fungu la kadi anazochezea, kaniambia hizi kadi za ardhi, yaani ardhi, kadi ya kukutolea mana tu, ile nguvu ya kulipia kadi nyingine, yenyewe haimpigi mtu, moja inazidi dola 20 na yeye anazo kumi na ngapi sijui. Nikabaki namwangalia. Kwa mwendo huu si bora nikanunue ardhi ya kweli Kibaha nianze kumwaga matofali?

Mimi deki yangu ina kadi 73, rangi zote tano zimo, nimeiokoteza kwa kununua pakti mojamoja kila nikilipwa. Kuna dogo pale dukani kaipitia kadi kwa kadi kwa heshima zote halafu akasema "hii nzuri kwa kujifunzia". Nimemwelewa 😅

Bajeti yangu ni dola 100 za huku, mwisho hapo, maana mama watoto ananitazama jicho la pembeni, yeye anaona mtu mzima na ndevu zake ananunua picha. Sasa je, kwa hela hiyo naweza kukaa meza moja na wale watu nikashinda hata mechi moja au nakwenda tu kuwachangia zawadi? Na niendelee na pakti au kuna njia nyingine, na hivi kuprinti zile za bei kali wanakubali?

binti_kibokoni

Nzuri ndugu yangu, kwanza nimecheka peke yangu ndani ya basi, sisi wengine tukisikia "kupiga deki" tunaona ndoo na tambara.

Mimi niko Leicester, mwaka wa nne huu nacheza, na sijawahi kumiliki deki iliyopita pauni 60. Pakti acha. Acha leo leo. Pakti ni bahati nasibu, unanunua kadi 14 uzitumie 1, hiyo moja nayo si ya rangi yako. Kadi nunua mojamoja kwa jina, duka lolote linazo kwenye mafaili, ama ziagize mtandaoni. Hela uliyotia kwenye pakti miezi sita ingekununulia deki mbili kamili wallahi.

La pili, na hapa ndipo wengi wenye mfuko mdogo wanapochemka. Mtu anaona deki ya dola 1,000 imeshinda mahali, anaiiga, kila kadi ghali anaitoa anatia ya senti hamsini inayofanana nayo. Anapata deki yenye mipango mitatu na hakuna hata mmoja unaotimia, manake ile deki iliyokuwa ikiishikilia ni zile kadi ghali. Na kama ulivyoona mwenyewe, kinachokula pesa mara nyingi si madubwana ya kupigana, ni ardhi. Ukicheza rangi tatu unahitaji ardhi za kutoa rangi tatu bila kukuchelewesha, hizo ndizo za dola 20 na kupanda. Ukicheza rangi MOJA, tuseme nyekundu, unahitaji Milima tu, ardhi ya kawaida ya rangi hiyo. Mlima ni bure. Duka huwa na boksi zima la ardhi za kawaida watu wamezitupa.

Kwa hiyo nenda Jumanne kwenye Pauper. Kule ni kadi za komoni pekee, zile zilizotoka japo mara moja kwa daraja la kawaida, hata ikiwa baadaye zimetolewa tena kwa alama ya fedha, ya daraja la juu yake. Tangu 2019 orodha ya kadi zinazoruhusiwa mtandaoni na mezani ni moja, kwa hiyo hakuna mabishano. Jenga nyekundu ya kuchoma, wenyewe wanaiita Burn. Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt, Skewer the Critics, tia nne nne. Hizo ni kadi 20 na kila moja inamchoma mpinzani uhai 3 kwa mana moja tu ukiicheza inavyotakiwa.

Sasa fanya hesabu na mimi. Mpinzani ana uhai 20. Ukianza wewe unashika kadi 7, zamu ya kwanza huvuti, kufika zamu ya nne ushaona kadi 10. Katika 60 umetia Milima 18 na zilizobaki zote za moto za namna hiyo, kwa hiyo kwenye kumi hizo tatu hivi zitakuwa Milima na saba za moto. Saba mara tatu ishirini na moja. Mana nayo inatosha hata ukikwama kwenye Milima mitatu, manake zamu nne zinakupa 1 na 2 na 3 na 3, tisa. Hiyo ndiyo deki nzima, hakuna siri nyingine, uzuri wake kila kadi unayovuta ni ileile.

msee_wa_plano

Binti amesema ukweli lakini mimi nitapinga kidogo, usiogope Ijumaa.

Mimi ni Mkenya niko Texas, nilienda Modern na nyekundu tupu, kitu dola 110 hivi za huku. Raundi ya kwanza nikakalishwa na buda ako na deki yote inang'aa, foil kila mahali, mimi makava yangu ni yale ya dollar store yanateleza kama samaki. Jamaa akaanza: ardhi yake ya kwanza akaivunja kutafuta ingine, hiyo inamkata uhai 1, ile ametafuta akaiingiza ikiwa tayari kutumika, 2 zingine. So hata sijacheza kadi yuko 17! Zamu ya pili akarudia, 14. Bro nilikuwa karibu nimwambie asante. Hizo ardhi za bei mbaya zinamchoma mwenyewe, kila mara anafanya hivo ni kama amenipea Lightning Bolt ya bure.

Halafu zamu ya tatu nikaweka Blood Moon. Kama hujui hio kadi, inasema ardhi zote ambazo si za msingi, yaani si zile za kawaida za bure, ni Mlima. Zote. Viwanja vyake vyote vya pesa mingi vikakuwa Milima kama yangu ya bure, na Mlima unatoa mana nyekundu tu, deki yake nayo ni ya bluu na nyeupe na kijani. Aliangalia mkono wake, akaangalia meza, akaniuliza pole pole "hio iko legal?" Iko legal. Akapanga kadi zake vizuri tukaenda mchezo wa pili.

Lakini sitakudanganya. Usiku huo nilishinda mbili nikapoteza mbili, na wiki iliyofuata kila mtu pale alinijua, wakaanza kutafuta ardhi za msingi kwanza, Blood Moon ikawa picha tu ukutani. Na tangu toleo la kadi la Modern Horizons 3 litoke 2024 kuchoma imekuwa ngumu Modern, kuna kadi kama Phlage ambayo ikiingia inakuchoma 3 na inampea mwenyewe uhai 3, hapo umesonga nyuma 6 kwa kadi moja. Kwa hivyo Ijumaa enda mara moja moja ukitaka kusumbua watu, Jumanne ndio ukae.

jembe_mwanza

Aisee nyie mna maisha, mnachagua siku ya kucheza. Huku nilipo Mwanza tuko wanne tu, duka la hizi kadi sijawahi kuliona kwa macho, kadi halisi tunazo kama mia mbili zilizokuja kwenye begi la mjomba wake mwenzetu na nyingine zote tumeprinti stationery, tunazichomeka kwenye kava mbele ya karata za kawaida za kopa na jembe. Mchezo ni uleule na raha ni ileile. Kaka kwanini ulipe dola 20 kwa karatasi wakati printa ipo?

mzee_saidibodi

@jembe_mwanza nyumbani printi hata kwa kalamu, hakuna atakayekusema, nami nilianza hivyo. Ila mleta mada anauliza mashindano ya dukani. Yakiwa rasmi, proksi, yaani nakala ya kuprinti mwenyewe, hairuhusiwi. Pekee inayokubalika ni ile anayoandika refa mwenyewe kwa kadi iliyoharibika palepale mashindanoni. Kuna maduka yana usiku usio rasmi wanaruhusu, ni kumuuliza mwenye duka kabla, usiende nazo kimyakimya.

@mbebabox nimekuwa nikisimamia meza za namna hiyo miaka kadhaa, nikupe machache ambayo hakuna atakayekuambia mpaka ukosee.

Kadi 60, si 73. Sheria inasema zisipungue 60, lakini kila unayoongeza inakuweka mbali na zile nzuri. Pembeni unaruhusiwa 15 za saidibodi, za kubadilisha baada ya mchezo wa kwanza. Weka Pyroblast kwa ajili ya watu wa bluu, na Smash to Smithereens maana Pauper imejaa vyuma, zile kadi za artifact, inavunja chuma na kumchoma mwenye nacho 3 hapohapo. Makava yawe aina moja na mapya, mawili yakichakaa kona yanaonekana kama alama na utaulizwa.

Watakupanga kwa mtindo wa Kiswisi, ukifungwa hutoki, raundi inayofuata unapewa mwenzio aliyefungwa. Kwa hiyo dola zako za kiingilio ni michezo ya usiku mzima, usiondoke baada ya kichapo cha kwanza. Raundi dakika 50, mshindi mbili kati ya tatu.

Na hili nalisema kwa sababu tunatoka kwenye jamii ya kuelewana: raundi ya mwisho usije ukamwambia mwenzio "niachie hii mechi nikupe nusu ya zawadi". Wewe utaona ni ungwana. Kwao hiyo ni rushwa, na mnaweza kutolewa mashindanoni nyote wawili. Nimeona kijana mzuri kabisa akitolewa hivyo, hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

La mwisho, Fireblast. Binti hakuitaja. Inachoma 4, na badala ya mana unaweza kutoa kafara Milima miwili. Wageni hawajui kwamba Mlima uliokwisha kulazwa, yaani kugeuzwa ubavu ukitoa mana, nao unatolewa kafara. Yaani laza Milima miwili, chukua mana, cheza Bolt na Lava Spike, halafu hiyo hiyo miwili iliyolala itoe kafara kwa Fireblast. 3 na 3 na 4. Pointi 10 kwa Milima miwili.

binti_kibokoni

Mzee sikuitaja makusudi, nilitaka aizoee deki kwanza 😂 Fireblast mkononi mwa mgeni ni kiberiti mkononi mwa mtoto.

mbebabox

Wakuu nimerudi. Wiki tatu zimepita, niliagiza kadi zote kwa jina, dola 57 na makava mapya ndani, ile deki ya rangi tano nimempa mwanangu anaipanga sakafuni kama reli. Jumanne nilibadilishana shift na mtu nikaenda. Tulikuwa kumi na wawili, raundi nne.

Raundi ya kwanza jamaa wa bluu. Nilishinda mchezo wa kwanza haraka kuliko nilivyotegemea, mikono inatetemeka. Wa pili nikafungwa. Wa tatu nimemfikisha uhai 4, mkononi nina Fireblast, mezani nina Milima mitatu, yeye ana visiwa viwili, ardhi za bluu, havijalazwa na anajikuna kidevu. Nikasema leo ndiyo leo, nikatoa kafara Milima miwili. Akaweka Counterspell, kadi ya kuzuia kadi ya mwenzio isitimie, mezani taratibu kama mtu anayeweka kikombe cha chai. Milima imekwenda, Fireblast imekwenda, nimebaki na Mlima mmoja kama mkiwa. Zamu tatu baadaye nimekufa. Binti ulisema kiberiti, kweli kiberiti.

Ya pili nilishinda mbili bila, sitaieleza sana, dada wa watu hakupata ardhi.

Ya tatu kijani. Jamaa yuko uhai 9, nikavizia zamu yangu nikamwaga tatu mfululizo, Bolt, Chain Lightning, na Lava Spike, naona kabisa tisa hizo. Ya tatu ikiwa bado hewani akacheza Weather the Storm. Mimi nimesoma 'unapata uhai 3', nikajua ametoka na 3 zake basi. Kumbe inajinakili kwa kila kadi iliyochezwa kabla yake zamu ile, na zangu mwenyewe zinahesabiwa! Nakala tatu na yenyewe ya nne, mara tatu, kumi na mbili. Nilimpa silaha mwenyewe. Yaani nimetoka kumuua hadi kumwacha na uhai 12.

Ya nne sasa. Mchezo wa tatu, dakika zimebaki chache, mpinzani ana madubwana mawili makubwa na anajua zamu ijayo ananimaliza, ana uhai 10. Mimi nimekwama kwenye Milima miwili tangu mwanzo, mkononi Bolt, Lava Spike, Fireblast. Mzee nilisikia sauti yako. Nikalaza Milima miwili. Bolt, saba. Lava Spike, nne. Akatabasamu akasema umebaki na nini, Milima yako yote imelala. Nikaisogeza ileile miwili mpaka makaburini nikaweka Fireblast juu. Akamwita refa. Refa kaja, kasoma kadi, kasema ni sawa. Nilitamani kupiga kelele ila watu wanne meza ya pembeni walikuwa wanafikiri sana.

Mbili kwa mbili, nafasi ya saba. Zawadi nimepata pakti moja (najua binti, najua, nimempa mtoto).

msee_wa_plano

Waaah huyo wa mwisho 🔥🔥 na raundi ya kwanza, next time akiwa na visiwa viwili wazi usimpelekee Fireblast kwanza. Ngoja mwisho wa zamu yake umtupie Bolt, akiizuia amelaza visiwa, ukirudi zamu yako anakungoja mikono mitupu. Asipoizuia amekula 3. Either way uko mbele.

binti_kibokoni

Sadakta. Na kwa yule wa kijani ukiona ana mana mbili wazi mchome kimoja kimoja kwa zamu, usimmwagie. Hapo ndipo inapouma deki yetu, uhai ukirudi 12 umerudishwa nyuma kadi nne. Wengine tunatia saidibodi kadi kadhaa za kupambana na hilo lakini Pauper hazipo nzuri sana, mi nimekubali tu kufungwa nao.

Hongera ndugu yangu. Mama watoto anasemaje?

mbebabox

Kaniuliza umeshinda shilingi ngapi, nikamwambia nimekuwa wa saba, akasema kati ya wangapi, nikasema kumi na wawili, akaendelea kukunja nguo.

Ila kuna kitu kimoja nimegundua usiku huu wakati nazihesabu. Ziko 59. Nimezirudia mara tatu, nimeangalia ndani ya begi, chini ya kiti cha gari ya jamaa aliyenipa lifti. Ni Mlima mmoja haupo. Nadhani ni ile miwili ya kafara, nimeokota mmoja tu pale mezani kwa kihoro.

mzee_saidibodi

Ukija na 59 Jumanne unaanza raundi ukiwa na kosa, kwa hiyo usiache. Pita mapema uwaombe kwenye lile boksi la ardhi za bure, Mlima hawakosi. Hakikisha kava linafanana.

mbebabox

Kava ndiyo shida mzee, nilinunua 75 kamili, 60 na 15 za saidibodi, na hilo lililobaki huko ndilo la sabini na tano. Nitapita Alhamisi kabla ya shift niulize kama kuna aliyeokota.